Clare alianguka, au aliangushwa?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Juzi usiku tumeangalia filamu ya Passing mimi na mume wangu. Yeye alipitiwa na usingizi katikati. Mimi niliimaliza, na usingizi ukanipotea kabisa. Naomba unisaidie. Wale wanawake wawili ni weusi, hata mtoto anaona. Sasa yule mume Mzungu wa Clare aliishije naye miaka yote ile asijue? Halafu picha mbona haina rangi, tena imebanwa kama televisheni za zamani? Na la mwisho, ambalo limetugombanisha mpaka asubuhi: Irene alimsukuma Clare au hakumsukuma? Mume wangu anasema alianguka mwenyewe. Nikamwambia, wewe ulikuwa unakoroma, umejuaje?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Msalimie mumeo, na umwambie hayuko peke yake. Nimewahi kuionyesha filamu hii darasani, safu nzima ya nyuma ikasinzia. Ni filamu inayosema kwa sauti ya chini, na mtu aliyezoea kuambiwa kila kitu mara tatu anaona kama hakuna kinachotokea. Wewe uliyekosa usingizi ndiye uliyeisikia.

Kwa wengine wanaosoma hapa, niseme mapema: nitaufumbua mwisho wote. Hadithi kwa ufupi ni hii. Tuko New York, miaka ya 1920. Irene Redfield, aliyeigizwa na Tessa Thompson, ni mke wa daktari na anaishi Harlem, mtaa wa watu weusi. Siku moja ya joto kali anaingia kunywa chai kwenye hoteli ya Wazungu, na humo anakutana na Clare, rafiki wa utotoni ambaye hajamwona kwa miaka mingi. Clare, aliyeigizwa na Ruth Negga, anaishi kama Mzungu. Nywele zake ni za rangi ya dhahabu, mumewe John Bellew ni tajiri Mzungu anayewachukia watu weusi, na wana mtoto wa kike. Baada ya siku hiyo Clare anaanza kurudirudi Harlem kwa siri, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani kwao, mpaka usiku mmoja wa theluji anapoanguka kutoka dirisha la ghorofa ya juu. Filamu ilitoka mwaka 2021. Mwongozaji ni Rebecca Hall, na ndiyo filamu yake ya kwanza kuongoza. Imetokana na riwaya ya Nella Larsen ya mwaka 1929.

Swali lako la kwanza nitalijibu kwa kuanzia na Kiswahili chenyewe. Sisi tuna maneno mawili. Tukisema "yule dada mweupe", hakuna anayedhani tumesema ni Mzungu. Weupe ni sifa ya ngozi, kama urefu au wembamba; Uzungu ni asili ya mtu. Kiingereza cha Marekani kina neno moja tu kwa yote mawili, na nyuma ya neno hilo palikuwa na sheria. Palikuwa na kanuni ya tone moja: ukiwa na babu mmoja mweusi, hata wa mbali kiasi gani, wewe ni mweusi, na kioo kiseme kitakavyo. Mwaka 1924 jimbo la Virginia liliiandika kanuni hiyo katika sheria iliyosema Mzungu ni yule asiye na damu nyingine hata kidogo, isipokuwa upenyo mwembamba uliachwa kwa wenye asili kidogo ya wenyeji wa kale wa Marekani. Sheria hiyo ilikataza pia Mzungu kuoana na asiye Mzungu, na katazo hilo halikuondoka mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipolifuta mwaka 1967.

Sasa tazama upumbavu uliomo ndani yake. Homer Plessy, mtu wa Louisiana, alikuwa na sehemu saba kati ya nane za asili yake kutoka Ulaya. Mwaka 1892 alipanda behewa la Wazungu makusudi, kwa mpango na wenzake, ili akamatwe na sheria ya ubaguzi ipelekwe mahakamani. Ilibidi akiri mwenyewe kwamba ni mtu mweusi ndipo akamatwe. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 1896 akashindwa. Kwa hiyo sheria ilikuwa imeshasema kwamba mtu mwenye sura ya Kizungu anaweza kuwa mweusi. Ukishasema hivyo, umejitengenezea nchi ambayo huwezi kumjua jirani yako kwa kumtazama. Waliojifanya Wazungu hawakuivunja ile sheria tu. Yenyewe ndiyo iliyowazaa.

Nawe utasema: sawa, lakini hawa wawili hawana sura ya Kizungu! Subiri kidogo, nikupe mtu mmoja wa kweli. Walter White alikuwa mweusi kisheria na kwa hiari yake mwenyewe, lakini nywele zake zilikuwa za rangi ya dhahabu na macho yake ya buluu. Alifanya kazi NAACP, chama cha kupigania haki za watu weusi, na kuanzia mwaka 1918 alitumwa Kusini kuchunguza mauaji ya watu weusi waliouawa na umati. Alikuwa akijipenyeza kwa wauaji wenyewe kama Mzungu, nao wakimsimulia kwa majigambo. Mwaka 1919 alikwenda Arkansas baada ya mauaji makubwa ya huko, akanong'onezwa kwamba siri imetoka. Akakimbilia treni. Konda akamwambia: mbona unaondoka mapema, utakosa burudani, maana kuna mweusi mmoja huku anajifanya Mzungu na vijana wanakwenda kumshughulikia. Kumbuka konda anayasema hayo huku anamtazama usoni. White mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hiki katika kumbukumbu zake.

Yule konda hakuwa kipofu. Ila alikuwa na picha kichwani ya mtu mweusi yukoje, na mtu mwenye tiketi mkononi, suti mwilini na lafudhi nzuri hakuingia kwenye picha hiyo. Ndivyo alivyo Bellew. Rudia chumba cha hoteli, dakika chache baada ya chai. Bellew anaingia, anamwita mkewe kwa jina la utani ambalo ni kipande cha tusi wanalotukanwa watu weusi. Irene anashtuka. Bellew anacheka na kueleza: tulipooana alikuwa mweupe pe, lakini kila mwaka naona anazidi kuwa mweusi. Anauona weusi wa mkewe! Umo machoni mwake, umo mdomoni mwake, ameufanya utani wa chumbani. Kisichowezekana kwake ni kuamini anachokiona, kwa sababu mtu mweusi hawezi kuwa mke wake, akavaa hivi, akalala hapa. Irene anamuuliza kama hawapendi watu weusi. Anajibu kwamba si suala la kutowapenda, anawachukia. Anayasema hayo kwa sauti ya mwenyeji mkarimu, amesimama kati ya wanawake wawili weusi, na Irene anacheka mpaka kicheko kinakaribia kuwa kilio. Mimi huiona sehemu hiyo kuwa ya kutisha kuliko ile ya dirishani.

Tena jambo hili lilikuwa gumzo la mji wakati ule. Mwaka 1925, White Plains, karibu na New York, kijana wa ukoo tajiri aitwaye Leonard Rhinelander aliomba mahakama ibatilishe ndoa yake na Alice Jones, akidai alidanganywa kwamba bibi huyo ni Mzungu. Sheria ya jimbo la New York haikukataza ndoa ya watu wa rangi tofauti, ndiyo maana kesi ikawa ya udanganyifu. Wakili wa Alice alitaka kuthibitisha kwamba mume alijua tangu mwanzo. Akamfanya mteja wake avue sehemu ya nguo zake mbele ya wazee wa baraza, kina baba watupu, ili waitazame ngozi yake na waamue wenyewe. Alice alishinda kesi. Ushindi ulioje! Larsen anaitaja kesi hiyo ndani ya riwaya, na msomaji wa mwaka 1929 hakuhitaji kuelezwa.

Kuhusu waigizaji: Hall alichagua makusudi wanawake ambao mtazamaji atajua ni weusi. Hollywood ya zamani ilifanya kinyume. Katika Pinky ya mwaka 1949, msichana mweusi anayejifanya Mzungu aliigizwa na Jeanne Crain, ambaye alikuwa Mzungu hasa. Kanuni za studio za wakati huo zilikataza kuonyesha mapenzi ya mweusi na Mzungu, hivyo mtazamaji alihurumia bila kusumbuka, akijua moyoni kwamba anayebusiwa pale ni Mzungu mwenzake. Hall amekuondolea faraja hiyo. Anakukalisha upande wa Harlem, upande unaojua, kisha anakwambia: haya, watazame wale wasiojua. Mshangao wako wa "hata mtoto anaona" ndio kiti alichokuwekea.

Naye hakulitoa jambo hili hewani. Mama yake, Maria Ewing, alikuwa mwimbaji maarufu wa opera aliyezaliwa Detroit, na baba wa mama huyo aliishi kama Mzungu. Nyumbani halikuwa jambo la kuzungumzwa. Hall alikaa na mswada wa filamu hii kwa zaidi ya miaka 10, na baada ya kuitengeneza, utafiti wa nasaba uliofanywa kwa ajili ya kipindi cha televisheni kilichorushwa mwanzoni mwa mwaka 2022 ulimwonyesha kwamba baba wa babu yake alizaliwa utumwani. Alitengeneza filamu kwanza, ushahidi ukaja baadaye.

Kabla sijafika kwenye rangi, nikuchekeshe na jina la filamu. Nimehangaika nalo sana. Kwa Kiswahili unaweza kujaribu "kupita", maana ni mtu anayepita mpaka bila kuulizwa. Ukiongeza kidogo ukasema "kujipitisha", basi maana inageuka juu chini. Kwetu anayejipitisha ni yule anayekatiza mbele ya watu makusudi ili aonekane; msichana anajipitisha barazani, mara ya kwanza amesahau ndoo, mara ya pili amesahau mfuniko. Kwa Wamarekani ni kupita ili usionekane. Clare, bibi yule, anafanya yote mawili kwa pamoja. Anaishi maisha ambayo yanamtaka asitazamwe sana, na hawezi kuingia mahali bila kila mtu kumgeukia. Kwa hiyo ukinipa ruhusa, Kiswahili kimempatia Clare jina lake hasa, kwa bahati tu.

Irene naye anapita, ila kwa kuazima. Angalia dakika za mwanzo kabisa: skrini nyeupe, ukungu, miguu barabarani, sauti za watu kabla ya sura zao. Irene yuko katika duka la watoto, kofia ameishusha mpaka machoni, ukingo wake mwepesi unapitisha mwanga. Anatembea kama mtu aliyebeba yai. Halafu teksi, halafu hoteli, halafu chai. Kwa alasiri moja naye ni Mzungu. Ndiyo maana macho ya Clare yanapomng'ang'ania kutoka meza nyingine, hofu yake ya kwanza ni kwamba amegunduliwa.

Rangi, sasa. Jibu jepesi ni kwamba hadithi ni ya miaka ya 1920 na sinema za zamani zilikuwa hivyo. Umbo la picha, ile nne kwa tatu iliyokukumbusha televisheni, lina uhusiano na hilo pia. Lakini jibu hilo halitoshi. Picha ya "nyeusi na nyeupe" ukiitazama vizuri haina nyeusi wala nyeupe, ina kijivu cha kila aina. Ngozi ya mtu ndani yake haina rangi yake yenyewe. Inapewa na taa. Mpiga picha, Eduard Grau, akiongeza mwanga, Ruth Negga anang'aa kama karatasi. Akipunguza, mwanamke yuleyule anarudi Harlem. Hotelini mwanga umemwagika mpaka kingo za vitu zinakaribia kuyeyuka. Nyumbani kwa Irene kuna vivuli, ngazi, pembe za giza. Clare hajabadilika hata kidogo, chumba ndicho kilichobadilika. Yaani kile ambacho sheria ya Virginia ilisema kipo katika damu, kamera inakuonyesha kipo katika taa. Sijui namna nyingine ambayo hoja hiyo ingesemwa bila mhusika kusimama na kuhutubia. Ingekuwa ya rangi, ungetumia saa nzima na nusu ukipima ngozi zao kwa macho, jambo ambalo ndilo hasa filamu inakukataza.

Na kule kubanwa? Fremu pana ya kisasa ina nafasi pembeni. Unaweza kumwona anayekuja. Hii haina. Sura inajaza kisanduku, na mtu mwingine anaingia ghafla kutoka mahali usipopaona. Irene anaishi hivyo. Nyumba yake nzuri, ratiba zake, kamati ya hisani, watoto wawili wa kiume: amejijengea kisanduku na anakilinda pande zote nne.

Hapo ndipo tunapofika kwenye urafiki, na ndipo ningependa uiangalie tena filamu kwa jicho lingine. Watu wengi wanadhani ni hadithi ya Clare. Si yake. Hatumwoni Clare hata mara moja akiwa na mumewe peke yao, hatumwoni na binti yake. Tunamwona kwa macho ya Irene tu, na Irene, mwanangu, ndiye anayejificha zaidi. Clare kadanganya kuhusu asili yake, basi. Mengine yote anayasema wazi: ana upweke, anataka kurudi, yuko tayari kuumiza mtu ili apate anachokitaka, na anakwambia hivyo kabla hajakuumiza. Irene hadanganyi kuhusu asili yake, lakini anaficha kwamba ndoa yake imepoa, kwamba mumewe Brian anataka kuihama nchi hii na yeye hataki, kwamba watoto wake hawapaswi kusikia habari za mauaji ya watu weusi hata pale baba yao anapoona lazima wasikie ili wajilinde. Kwenye dansi ya chama chao anamwambia rafiki yake Mzungu, mwandishi Hugh Wentworth, kwamba kila mtu anajifanya kitu fulani. Anasema kama utani. Ni mara moja tu katika filamu nzima anapojitaja mwenyewe.

Mtazame na Zulena, msichana wa kazi, ambaye ngozi yake ni nyeusi zaidi ya mabibi wote wawili. Clare, anayeishi kama Mzungu, anaongea naye kwa raha kama mtu na nduguye. Irene, mama wa kamati ya kuinua watu weusi, anaongea naye kwa maagizo. Hakuna anayelitaja jambo hili kwenye filamu. Limewekwa tu mezani.

Je, Irene anampenda Clare au anamwogopa? Tangu miaka ya 1980 wachambuzi wa riwaya wamekuwa wakisema kwamba hamu anayoisingizia kwa mumewe ni yake mwenyewe. Mimi nakubaliana nao, na nadhani Hall pia. Tazama anavyomtazama: shingo, mgongo, mkono uliovaa glavu. Halafu taratibu anaanza kuamini kwamba Brian na Clare wana jambo. Ushahidi uko wapi? Hatuonyeshwi. Tunaonyeshwa vicheko, mlango uliofunguliwa kabla hajafika, sura mbili ndani ya kioo. Kuna wivu unaotoka kwa kuibiwa mume, na kuna wivu wa kuona mtu mwingine anaruhusiwa kumtamani yule ambaye wewe hujajiruhusu. Nyuma ya yote hayo inalia piano ileile, inazunguka, haifiki mahali. Mpigaji ni mtawa wa Ethiopia, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, na kipande kinaitwa The Homeless Wanderer, yaani mzururaji asiye na kwao. Ruth Negga mwenyewe alizaliwa Addis Ababa, kwa baba Mwethiopia na mama wa Ireland. Sidai kwamba ilipangwa, ila kila nikiisikia piano hiyo juu ya sura yake, nalikumbuka.

Haya, dirishani.

Kiswahili kinatubana hapa kuliko Kiingereza. Lazima uchague: alianguka, aliangushwa, au alijiangusha. Kitenzi hakikubali ubaki katikati. Hall amebaki katikati kwa makusudi, na amefanya kazi kubwa kubaki pale. Bellew anavunja karamu, anamtukana mkewe kwa kumwita mwongo. Clare amesimama mgongo kwa dirisha, ametulia, karibu anatabasamu. Irene anakimbia kumfikia. Bellew anarusha mwili mbele. Mkono wa Irene uko kwenye mwili wa Clare. Halafu dirisha ni tupu. Nimesimamisha picha hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu. Ukitaka kuona kusukuma, utaona kusukuma. Ukitaka kuona mtu anayemkinga mwenzake, utaona hivyo pia. Na Clare mwenyewe anaweza kuwa alijiachia, maana mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa tayari.

Lakini nakuomba uache kuutazama mkono. Rudi nyuma kidogo. Siku chache kabla, Irene yuko barabarani ameshikana mikono na rafiki yake Felise, ambaye weusi wake hauna shaka. Wanakutana uso kwa uso na Bellew. Anamtambua Irene, anamtazama Felise, unaona hesabu inapigwa kichwani mwake. Irene anapita bila neno. Nyumbani angeweza kuandika mistari miwili: Clare, mumeo ametuona, jihadhari. Hakuandika. Anakaa naye chumba kimoja, anamtazama, anakaa kimya. Kisha usiku wa karamu wanapopanda ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, Clare anaulizwa atafanya nini John akijua. Anajibu bila kusita kwamba atahamia Harlem, awe karibu na Irene. Kwake hilo ni jibu la furaha. Mtazame Irene anavyolisikia: ni hukumu. Na wakishafika juu, ni nani anayekwenda dirishani kuvuta sigara na kulifungua, usiku wa theluji, wakati wengine wanahisi baridi? Ni yeye.

Ukiniuliza mimi, basi, nitakwambia Irene alimwangusha Clare kwa siku kadhaa, polepole, kwa kunyamaza. Kile kilichotokea katika sekunde ile ya mwisho hakijui hata yeye mwenyewe, na nadhani ndiyo maana miguu inamwisha pale chini kwenye theluji. Polisi wanapouliza, anasema ilikuwa ajali. Anasema haraka. Kwa sheria, huenda ni kweli.

Larsen pia aliiacha hivyo katika riwaya, na kuna jambo dogo litakalokufurahisha: kitabu chenyewe kina miisho miwili. Chapa za mwanzo zina aya fupi ya mwisho ambamo mtu anasikika akisema ilikuwa ajali, na kwamba wapande juu wakalitazame tena lile dirisha. Katika chapa ya tatu ya toleo lilelile la kwanza aya hiyo haimo, na hadithi inakatika Irene anapopotelea gizani. Ukienda kukinunua, fungua ukurasa wa mwisho kwanza uone umepewa upi. Utasoma pia kwamba pale hotelini palikuwa Chicago, mji alikozaliwa Larsen. Filamu ndiyo iliyoleta kila kitu New York. Ni kitabu chembamba, jioni mbili zinatosha.

Na ule ugomvi wenu, mimi siusuluhishi. Ila muulize mumeo alisinzia wapi hasa. Kama ni kabla ya Irene na Felise kukutana na Bellew barabarani, basi aliyemwona Clare akianguka tu hana kosa, maana hakuona mengine. Mrudishe pale, mtengenezee kahawa, na umkalishe kwenye kiti kigumu.